Ndoa Inapovunjika, Nani Anapata Nini?

Elimu ya sheria kwa wakaazi wa Kaunti ya Kilifi kuhusu talaka na mgao wa mali

"Ulikuja na sanduku, utaondoka na sanduku." Maneno haya yamesemwa katika nyumba nyingi za Pwani ndoa inapofika mwisho. Aghalabu huambiwa mke, lakini wapo pia waume waliojikuta nje ya lango la nyumba waliyoijenga kwa sababu hati ilikuwa na jina la mke. Wengi huondoka kweli na sanduku, si kwa sababu sheria imesema hivyo, bali kwa sababu hawakujua sheria inasema nini.

Makala haya yanaeleza mambo matatu: talaka hutolewa wapi, mali ipi huhesabiwa kuwa ya wanandoa, na mali hiyo hugawanywa kwa kipimo gani. La msingi ni hili: sheria ya leo haitazami jina lililo kwenye hati peke yake. Inatazama nani alichangia nini, na mchango huo unahitaji kuthibitishwa.

Mfano wa kufundishia

Familia ifuatayo si familia halisi. Imetungwa ili kurahisisha somo.

Mume na mke walioana mwaka 2008 kwa mila za Kigiriama. Mahari ilitolewa na wazee wa pande zote mbili walikuwepo, ila ndoa haikusajiliwa. Mume anafanya kazi katika hoteli Watamu. Mke anauza mahamri na mbaazi asubuhi, analea watoto watatu, na msimu wa mvua unapofika anakwenda kulima shamba la wakwe huko Ganze, ambako amepanda mikorosho na miembe. Mwaka 2013 walinunua ploti Kakuyuni na kujenga nyumba ya matofali yenye vyumba vitatu. Hati ina jina la mume. Baadaye mume alichukua mkopo wa sacco akanunua pikipiki ya bodaboda.

Sasa wametengana, na mume anasema nyumba ni yake kwa kuwa hati ni yake. Je, ni kweli?

Kwanza: ni ndoa ya aina gani?

Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inatambua ndoa za aina tano: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Umri wa chini wa kuoa au kuolewa ni miaka 18 kwa aina zote.

Ndoa za Kikristo, za kiserikali na za Kihindu ni za mke mmoja na mume mmoja. Ndoa za kimila na za Kiislamu zinaweza kuwa za wake zaidi ya mmoja.

Ndoa ya kimila nayo ni ndoa kamili mbele ya sheria. Pale ambapo mila inataka mahari ili kuthibitisha ndoa, sheria inasema kiasi kidogo cha kuonyesha nia kinatosha. Kwa hiyo haiwezekani kumwambia mke kwamba hakuolewa kwa sababu mbuzi waliobaki hawajafika. Hata hivyo, sheria inawataka wanandoa wamjulishe Msajili wa Ndoa ndani ya miezi mitatu baada ya kukamilisha sherehe, na usajili wa ndoa za kimila ulianza Agosti 2017. Ambaye hajasajili hapotezi ndoa yake papo hapo, lakini kesi ikifika mahakamani atalazimika kuleta mashahidi wa kuthibitisha kwamba ndoa ilikuwepo. Wazee waliokula mahari hufariki, wengine huhama, na wengine husahau. Cheti hakisahau.

Kwa mke wa mfano wetu, hii ndiyo kazi ya kwanza: kuthibitisha kwamba ni mke.

Wale wa "njoo tukae"

Wapo wengi walioishi pamoja miaka mingi bila mahari, bila kanisa, bila kadhi na bila cheti. Mnamo 27 Januari 2023 Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi kuhusu watu wa namna hii. Ilisema kwamba kuishi pamoja hakufanyi ndoa kwa wepesi. Mahakama inaweza kudhania kwamba kuna ndoa, lakini jambo hilo ni la nadra, na lina masharti makali, likiwemo kwamba wote wawili walikuwa na nia na uhuru wa kuoana.

Katika kesi hiyo mahakama haikukubali kwamba kulikuwa na ndoa. Lakini haikumwacha mwanamke aondoke mikono mitupu. Iliona kwamba wote wawili walichangia kupata mali waliyokuwa wakiigombania, ikampa mwanamke asilimia 70 na mwanamume asilimia 30.

Funzo lake ni kwamba asiye na ndoa anaweza kudai alichochangia, lakini njia yake ni ndefu na mzigo wa ushahidi ni mzito zaidi. Wanaoishi hivyo na wanaotaka kuwa mume na mke ni bora wasajili ndoa mapema.

Talaka hutolewa wapi?

Chifu hana mamlaka ya kuvunja ndoa. Mzee wa mtaa, mchungaji na baraza la wazee pia hawana. Wote wanaweza kusuluhisha, na sheria inahimiza usuluhishi, hasa kwa ndoa za kimila, ambapo wanandoa wanaruhusiwa kupitia kwa wazee kabla ya kwenda mahakamani. Lakini ndoa ya kimila, ya Kikristo au ya kiserikali huvunjwa kisheria na mahakama. Ombi la talaka hupelekwa katika mahakama ya hakimu. Kaunti ya Kilifi ina mahakama hizo Malindi, Kilifi, Kaloleni na Mariakani.

Sababu zinazokubalika ni pamoja na uzinzi, ukatili, kutelekezwa, na ndoa kuvunjika kiasi kwamba haiwezi kurekebishwa tena. Kwa ndoa ya Kikristo na ya kiserikali, kutelekezwa huhesabiwa kukifika angalau miaka mitatu kabla ya ombi. Kwa ndoa ya kimila, sababu nyingine yoyote halali katika mila hiyo inaweza pia kutumika.

Kuhusu mahari: familia nyingi huamini kwamba mke hawezi kuachika hadi kwao warudishe mahari. Hayo yanaweza kuwa mazungumzo ya familia, lakini Sheria ya Ndoa haiweki kurudishwa kwa mahari kuwa sharti la mahakama kuvunja ndoa.

Waislamu na Mahakama ya Kadhi

Mahakama za Kadhi zina historia ndefu katika mwambao huu. Oktoba 1963, kabla ya uhuru, serikali za Kenya na Zanzibar zilikubaliana kwa barua kwamba mahakama hizo zitaendelea kulindwa. Leo zimo katika Kifungu cha 170 cha Katiba ya mwaka 2010. Kadhi husikiza mambo ya hali ya mtu kisheria, ndoa, talaka na mirathi, kwa sharti kwamba pande zote ni Waislamu na zimekubali kesi isikizwe mbele yake.

Wapo wanawake wanaoogopa kwenda kwa kadhi wakidhani watasikilizwa nusu tu na kuambiwa wavumilie. Historia ya Malindi yenyewe inaonyesha vingine. Mtafiti wa Marekani, Susan Hirsch, alikaa katika mahakama za Kadhi za Malindi na Mombasa katika miaka ya 1980 akisikiliza kesi, na kitabu chake kilichapishwa mwaka 1998. Alikuta kwamba wengi wa waliopeleka kesi walikuwa wanawake, na kwamba mara nyingi walishinda.

Mbele ya kadhi, talaka si ya mume peke yake. Mke anaweza kujivua kwa khului, kwa kawaida kwa kurudisha mahari au sehemu yake. Anaweza pia kumwomba kadhi aivunje ndoa kwa sababu kama kukosa matumizi au kudhulumiwa. Mahari ambayo haijalipwa ni deni la mume. Mke aliyepewa talaka rejea ana haki ya matumizi katika kipindi cha eda. Eda ya aliyeachwa ni vipindi vitatu vya hedhi na tohara, au miezi mitatu kwa asiyepata hedhi, na mjamzito humaliza eda yake anapojifungua.

Talaka iliyotamkwa nyumbani au kuandikwa kwenye karatasi ipelekwe kwa kadhi isajiliwe. Wapo wanawake walioishi miaka mingi bila kujua wameachwa au hawajaachwa, na wengine waliogundua wakati wa mirathi kwamba hawana karatasi ya kuonyesha.

Kuhusu mali, Sheria ya Mali ya Wanandoa inasema Mwislamu anaweza kuongozwa na sheria ya Kiislamu. Katika sheria hiyo, mali ya mke hubaki yake na ya mume hubaki yake, ndoa haizichanganyi. Kwa hiyo hapa pia anayedai sehemu ya nyumba iliyo katika jina la mwenzake ni lazima aonyeshe alichotoa. Asiyeridhika na uamuzi wa kadhi anaweza kukata rufaa Mahakama Kuu, ambako Kadhi Mkuu hukaa pamoja na jaji kumshauri.

Mali ipi ni ya wanandoa?

Sheria ya Mali ya Wanandoa ilianza kutumika Januari 2014. Kabla yake, Kenya ilikuwa ikitumia sheria ya Uingereza ya mwaka 1882. Kwa mujibu wa sheria ya sasa, mali ya wanandoa ni:

- nyumba au nyumba ambazo familia inaishi;
- vyombo na samani za nyumba hizo;
- mali nyingine yoyote, inayohamishika au isiyohamishika, ambayo wanaimiliki pamoja na waliipata wakiwa katika ndoa.

Mali ambayo mtu aliipata au kurithi kabla ya ndoa haiingii humo. Ardhi ya jamii na mali iliyowekwa amana, ikiwemo ile ya kimila, haiingii pia. Wanaotaka kuoana wanaweza kuandikiana mkataba wa mali kabla ya ndoa, na mahakama itauheshimu isipokuwa ulipatikana kwa hila au kwa kulazimishana, au ni wa dhuluma iliyo wazi.

Sasa turudi kwa familia ya Kakuyuni.

*Nyumba.* Ilinunuliwa na kujengwa ndani ya ndoa, na familia inaishi humo. Ni mali ya wanandoa. Jina la mume kwenye hati halimalizi maneno. Sheria inadhania kwamba mali ya wanandoa iliyo katika jina la mmoja imeshikwa kwa amana ya mwenzake pia, hadi ithibitishwe vingine. Kama hati ingekuwa na majina yote mawili, sheria ingedhania kwamba wana haki sawa, hadi ithibitishwe vingine. Kipimo hiki hakibagui: mume ambaye mkewe aliandikisha ploti kwa jina lake ana haki hiyo hiyo.

*Vyombo.* Kitanda, kabati, jokofu na jiko ni mali ya wanandoa.

*Shamba la Ganze.* Hapa ndipo wengi wa Kilifi hukwama. Kama shamba bado ni la baba mkwe, au hati bado ina jina la babu na mirathi haijafanywa, si mali ya mume, na mahakama haiwezi kumgawia mke ardhi ya mtu mwingine. Hali hubadilika kama shamba ni la mume mwenyewe, kwa mfano alilirithi kabla ya kuoa. Ardhi itabaki yake, lakini mke aliyeiboresha hupata haki iliyo sawa na mchango wake katika uboreshaji huo. Mikorosho aliyopanda na kuipalilia mpaka ikazaa ni uboreshaji. Kisima alichochangia ni uboreshaji. Ndiyo maana kabla ya kutia jasho au fedha katika shamba la ukoo, wanandoa waulizane: hati iko kwa nani?

*Pikipiki na mkopo wake.* Madeni nayo hugawanywa. Deni lililochukuliwa ndani ya ndoa kwa faida ya familia ni jukumu la wote wawili. Kama bodaboda ililisha nyumba na kulipa karo, mke hawezi kudai faida na kulikataa deni. Lakini deni la mmoja la kabla ya ndoa hubaki lake.

Je, ni nusu kwa nusu?

Hili ndilo swali linaloulizwa zaidi, na jibu lake ni: si lazima.

Kifungu cha 45 cha Katiba kinasema wanandoa wana haki sawa wakati wa kuoana, wakati wa ndoa na wakati ndoa inapovunjika. Wengi walichukulia kwamba maana yake ni nusu kwa nusu. Lakini Sheria ya Mali ya Wanandoa, katika kifungu cha 7, inasema mali ni ya wanandoa kwa kadiri ya mchango wa kila mmoja katika kuipata.

Mahakama ya Juu ililitatua jambo hili siku ile ile ya 27 Januari 2023, katika kesi nyingine. Mahakama Kuu ilikuwa imempa mke asilimia 30 ya nyumba ya familia na asilimia 20 ya nyumba za kupangisha. Mahakama ya Rufaa ikabadilisha ikampa nusu. Mume akaenda Mahakama ya Juu. Majaji walisema kwamba usawa wa Kifungu cha 45 si amri ya kukata kila mali katikati, na kwamba kuolewa au kuoa peke yake hakumpi mtu nusu. Kila mmoja athibitishe mchango wake, na kila kesi iamuliwe kwa ushahidi wake. Hata hivyo, baada ya kupima ushahidi wa kesi hiyo, waliuacha mgao wa nusu kwa nusu usimame.

Kwa hiyo nusu inawezekana, na zaidi ya nusu inawezekana, na chini yake pia. Linaloamua ni ushahidi.

Mchango ni nini?

Mwaka 2007 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba mke asiyeonyesha mchango wa fedha katika ununuzi hakuwa na haki katika mali iliyo kwa jina la mume. Uamuzi huo uliwaumiza wanawake wengi waliokaa nyumbani kulea. Sheria ya 2013 ilibadilisha hali hiyo. Sasa mchango ni wa fedha na usio wa fedha, na usio wa fedha umetajwa waziwazi:

- kazi za nyumbani na usimamizi wa nyumba;
- malezi ya watoto;
- kuwa mwenzi wa mwenzake;
- kusimamia biashara au mali ya familia;
- kazi ya shamba.

Mke wa Kakuyuni aliyeamka saa kumi alfajiri kukaanga mahamri, aliyelipa karo kwa faida hiyo ili mshahara wa mume ununue matofali, alichangia nyumba ile. Mume ambaye mkewe alikwenda kufanya kazi Ughaibuni akibaki na watoto na kusimamia mafundi, alichangia vilevile. Lakini mahakama haiwezi kuhesabu isichokijua.

Ushahidi wa kuweka

Ushahidi hukusanywa ndoa ikiwa na amani. Si uchochezi wala dalili ya kutoaminiana, kama vile kuweka cheti cha kuzaliwa si dalili ya ugomvi. Mambo yanayofaa kuhifadhiwa ni:

- cheti cha ndoa, au picha na majina ya mashahidi wa mahari;
- nakala ya hati miliki, mkataba wa kununua ploti au barua ya mgao;
- risiti za saruji, mabati, mbao na matofali, hata kama ni za duka dogo la mtaani;
- taarifa za M-Pesa na za benki zinazoonyesha pesa zilizotumwa kwa fundi, kwa muuzaji wa ploti au kwa mwenzi;
- kitabu cha chama na karatasi za mkopo wa sacco;
- risiti za karo na za hospitali;
- majina na simu za mafundi, majirani na wazee wanaoweza kutoa ushahidi.

Wakaazi wa maeneo ya makao ya mpango, kama Magarini, wakumbuke kwamba barua ya mgao peke yake si hati miliki. Mwanandoa ahakikishe utaratibu umekamilishwa hadi hati itoke, na jina la nani limeandikwa. Tofauti hiyo huonekana siku ya ugomvi.

Nyumba isiuzwe wala isiwekwe rehani kwa siri

Katika ndoa ya mke mmoja, mwenzi hawezi kuuza, kukodisha wala kuweka rehani mali ya wanandoa bila idhini ya mwenzake. Nyumba ya familia haiwezi kuwekwa dhamana ya mkopo bila idhini ya maandishi ya wote wawili, iliyotolewa kwa kuelewa. Wala mwenzi mmoja hawezi kumfukuza mwenzake katika nyumba ya familia bila amri ya mahakama. Kubadilisha kufuli na kutupa nguo nje si sheria.

Anayeogopa kwamba mali itauzwa ana njia mbili asizopaswa kuchelewesha. Ya kwanza ni kuomba ofisi ya usajili wa ardhi iweke zuio kwenye rekodi ya ardhi hiyo, ili isihamishwe bila yeye kujulishwa. Kama ni shamba la kilimo, anaweza pia kupinga mauzo mbele ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, ambayo lazima itoe idhini. Ya pili ni kwenda mahakamani kuomba tamko la haki zake katika mali. Ombi hilo linaweza kuletwa hata kabla ya kesi ya talaka kufunguliwa. Mgao wenyewe ndio husubiri ndoa ivunjwe. Madai ya mali hupelekwa Mahakama Kuu, iliyopo Malindi, au kwa hakimu kulingana na thamani ya mali.

Nyumba yenye wake wawili au zaidi

Sheria ina kanuni zake kwa ndoa za mitala. Mali ya wanandoa iliyopatikana na mume na mke wa kwanza kabla mume hajaoa tena hubaki ya hao wawili kwa usawa. Iliyopatikana baada ya mke wa pili kuingia ni ya mume na wake zake, kwa kuzingatia mchango wa kila mmoja. Kama kuna makubaliano wazi kwamba mke fulani ana nyumba au shamba lake mbali na wenzake, basi hiyo ni yake na mume kwa usawa, na wake wengine hawana sehemu. Kwa hiyo tarehe ya kununua kila mali ni muhimu, na mkataba wa ununuzi wenye tarehe ni hazina.

Ndoa na mgeni

Malindi na Watamu zina wakaazi wengi kutoka Italia na nchi nyingine, na baadhi wameoana na wenyeji. Kwa mujibu wa Kifungu cha 65 cha Katiba, asiye raia hawezi kumiliki ardhi ila kwa ukodishaji usiozidi miaka 99. Kwa sababu hiyo mara nyingine mgeni hutoa pesa na ploti huandikwa jina la mwenzi Mkenya. Ndoa ikivunjika, mgeni anaweza kudai mchango wake, na Mkenya aliyesimamia ujenzi na biashara anaweza kudai wake. Makubaliano ya maandishi, yaliyoandaliwa na wakili kabla ya kununua, huepusha kesi ndefu.

Watoto hawaachwi

Talaka huvunja ndoa, haivunji uzazi. Katiba, katika Kifungu cha 53, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, zinaweka jukumu sawa kwa baba na mama, wawe walioana au la. Mahakama huamua malezi kwa kutazama maslahi ya mtoto kwanza. Matumizi ya mtoto si zawadi kwa mama wala adhabu kwa baba. Mzazi anayenyimwa matumizi au anayezuiwa kumwona mtoto aanzie katika ofisi ya watoto iliyo karibu naye. Simu ya bure ya kuripoti mateso ya mtoto ni 116.

Kukiwa na hatari

Mambo ya hati na risiti husubiri pale maisha yanapokuwa hatarini. Anayepigwa au kutishiwa aende kituo cha polisi na hospitali kwanza, na ahifadhi karatasi za matibabu. Sheria ya Kulinda dhidi ya Ukatili wa Kinyumbani ya mwaka 2015 inaruhusu mahakama kumwamuru mkosaji akae mbali na mwenzake. Simu ya bure ya kusaidia waathiriwa wa ukatili wa kijinsia ni 1195.

Pa kupata msaada

Si kila mtu anaweza kulipa wakili, na si kila mgogoro unahitaji kesi. Upatanishi unaosimamiwa na mahakama ulianza Nairobi mwaka 2016 na umeenezwa katika kaunti nyingine. Makubaliano yanayofikiwa humo yakipitishwa na mahakama huwa na nguvu ya hukumu. Wasio na uwezo wanaweza kuuliza mahakamani kuhusu msaada wa kisheria chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016. FIDA Kenya na Kituo cha Sheria pia wana ofisi Mombasa zinazohudumia Pwani.

Ya kukumbuka

1. Sajili ndoa, ya kimila pia.
2. Talaka hutolewa na mahakama, na kwa Waislamu isajiliwe kwa kadhi.
3. Jina kwenye hati si mwisho wa maneno.
4. Nusu kwa nusu si ya moja kwa moja: mchango ndio kipimo.
5. Kazi ya nyumbani, malezi na kilimo ni mchango.
6. Weka risiti na karatasi kabla ya kuzihitaji.
7. Usihame wala kutia sahihi karatasi yoyote ya mgao kabla ya kupata ushauri.

Mke wa Kakuyuni, basi, hakupaswa kuondoka na sanduku tu. Ana ndoa ya kuthibitisha, ana nyumba ya kudai, na kazi yake ya miaka kumi na zaidi inahesabika. Akiwa na kitabu cha chama, taarifa za M-Pesa na fundi aliyemlipa kwa mkono wake mwenyewe, atasimama mbele ya hakimu akiwa na la kusema.